Mkojo wa paka kwenye zulia: kinachooshika na kisichooshika

Zulia limeingia Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, kwa njia nyingi. Kuna linalonunuliwa Kisii au Kisumu kwa ajili ya harusi, kuna linalopatikana kwa zamu ya chama, na kuna la mtumba linalotandazwa juu ya turubai siku ya soko, likiwa bado na mikunjo ya mzigo uliotoka ng'ambo. Kuanzia Kanyadoto hadi Kabuoch, aliyejenga nyumba ya saruji haoni sebule yake imekamilika mpaka sakafu ifunikwe, hasa wageni wa mahari wanapotarajiwa. Lakini Ndhiwa pia ni nchi ya mahindi na miwa. Palipo na gunia la mahindi panya hakosi, na palipo na panya paka atatafutwa. Mbwa naye yupo kulinda boma. Zulia na mnyama hukutana ndani ya chumba kimoja, na wakikutana mkojo utamwagika siku moja. Hapo mwenye nyumba hukimbilia sabuni ya unga, Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia) na jua, akiamini kwamba bidii ikizidi doa litashindwa.

Bidii peke yake haitoshi, na mara nyingine ndiyo inayoongeza hasara. Mkojo wa mnyama huliharibu zulia kwa njia mbili zisizofanana. Kwanza hulichafua, na uchafu huo unaweza kutolewa wote. Pili, ukiachwa, huligeuza: hubadilisha rangi, hulegeza gundi, huozesha nyuzi za chini, na hayo hayarudishwi na sabuni yoyote iliyowahi kuuzwa dukani. Kati ya hali hizo mbili kuna muda, na muda huo ni mfupi. Anayeujua ataliokoa zulia kwa maji ya kawaida na matambara makuukuu. Asiyeujua atanunua dawa moja baada ya nyingine kutibu kitu ambacho si uchafu tena.

Mkojo unapotoka mwilini hauna ukali mwingi wa harufu. Sehemu yake kubwa ni maji, pamoja na urea, chumvi, rangi ya manjano na mabaki mengine ya mwili. Kwa paka na mbwa wanaokula nyama, mkojo mbichi aghalabu huwa na asidi kidogo, kama 6 hivi kwenye kipimo cha pH ambacho katikati yake ni 7. Kisha bakteria huanza kazi. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoipasua urea na kuigeuza kuwa amonia, ile hewa inayochoma pua ukiingia chumba kilichofungwa. Amonia ikiongezeka kipimo hupanda kuelekea 9, na mahali palipokuwa na asidi sasa pana alkali. Joto huharakisha mabadiliko hayo, na Ndhiwa si mahali pa baridi. Katika siku moja au mbili kimiminika kilichomwagika kimekuwa kitu kingine kabisa. Sufu na nailoni nyingi hutiwa rangi katika mazingira ya asidi, kwa hiyo alkali ikikaa juu yake hulegeza mshiko wa rangi kwenye uzi. Ndipo ua jekundu linapovujia kwenye uwanja mweupe, au pale palipokuwa buluu panapopauka. Sufu yenyewe ni protini kama nywele za kichwani, na alkali huidhoofisha polepole. Mtu anayesugua doa la wiki tatu akitaka rangi irudi anasugua mahali ambapo rangi haipo tena.

Paka ana lake la ziada. Mkojo wake ni mzito kuliko wa mbwa, kwa kuwa asili yake ni mnyama wa nchi kame anayebana maji mwilini, na ndani yake mna kiini chenye salfa kiitwacho felinini. Kikivunjika hutoa harufu ya jamii moja na harufu ya vitunguu vilivyooza. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza jinsi protini maalumu iliyomo kwenye mkojo wa paka, waliyoipa jina kauksini, inavyosimamia utengenezaji wa felinini. Paka dume asiyehasiwa huitoa kwa wingi kuliko jike, kwa sababu kwake harufu ni tangazo la mipaka. Ndiyo maana nyumba yenye dume mmoja hunuka kuliko nyumba yenye majike wawili, na ndiyo maana dume hurudia kona ile ile: pua yake inasoma kile ambacho pua ya mwenye nyumba imekwisha kukizoea.

Matangazo mengi ya dawa za kusafisha husema kwamba harufu isiyoisha hutokana na fuwele za asidi ya yuriki. Kwa paka na mbwa dai hilo lina walakini. Mamalia wengi, wao wakiwemo, wana kimeng'enya kinachoigeuza asidi ya yuriki kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kwenye maji kwa urahisi zaidi. Binadamu na nyani wakubwa ndio waliopoteza kimeng'enya hicho, na kati ya mbwa aina ya Dalmatian ndiyo inayojulikana kwa kutoa asidi hiyo kwa wingi. Mfugo wa nyumbani unaoimwaga asidi ya yuriki kweli kweli ni kuku. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake ndiyo hiyo, na maji hayaiyeyushi kirahisi. Kuku akipenya sebuleni, uchafu wake ukwanguliwe kwanza ukiwa mkavu ndipo maji yafuate. Ukiloweshwa mapema husambaa na kujipaka ndani ya manyoya ya zulia. Hili si jambo dogo katika nyumba ambayo mlango hubaki wazi mchana kutwa.

Ili kujua kinachookoka, lazima zulia litazamwe upande wa chini. Zulia la kiwandani la kawaida lina manyoya yaliyoshonewa kwenye kitambaa, kisha gundi ya leteksi ikapakwa nyuma kuyashika, na kitambaa cha pili kikabandikwa juu ya gundi. Manyoya yanaweza kuwa ya polipropilini, poliesta, nailoni au sufu. Polipropilini karibu hainywi maji kabisa, kwa hiyo mkojo hauzami ndani ya uzi bali huteremka moja kwa moja hadi chini. Mwenye nyumba akifuta juu huona pakavu na kuamini kazi imekwisha, ilhali doa la chini mara nyingi ni pana kuliko la juu. Leteksi ikiloweshwa na mkojo tena na tena hulegea, ikawa unga au ikabanduka, na zulia likaanza kutoa mapovu na mikunjo isiyonyooka. Sufu ina tabia nyingine: inaweza kunywa unyevu wa karibu thuluthi ya uzito wake kabla mkono haujauhisi, kwa hiyo huushika mkojo ndani yake. Mazulia ya kufumwa kwa mkono yana uti wa pamba au sufu, na uti wa pamba ukikaa na unyevu na mkojo huoza hadi ukikunja zulia husikia nyuzi zikikatika. Mkonge, unaotoka Taita au Tanga, ni mgumu kwa miguu lakini ni dhaifu mbele ya maji. Hata maji safi yakimwagika juu yake huacha alama ya kahawia pembezoni yanapokauka. Nao mkeka wa mbao, ule wa plastiki wenye picha ya mbao unaopendwa sana siku hizi, haunywi chochote, lakini mkojo hupita kwenye kingo na maungio ukakaa juu ya saruji bila hewa.

Kujua zulia limetengenezwa kwa nini si kazi ngumu. Chomoa uzi mmoja pembeni, ushike kwa koleo, uuwashe kwa kiberiti ukiwa nje. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole. Nyuzi za plastiki huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Mkonge na pamba huungua kama karatasi. Jibu la kipimo hicho ndilo linaloamua dawa zipi zinaruhusiwa na zipi haziruhusiwi, na ingefaa lijulikane kabla ya ajali kutokea.

Sasa tuje kwenye mkojo mbichi, maana hapo ndipo ushindi ulipo. Kazi ya kwanza ni kunyonya. Tambara kavu la pamba, shati kuukuu au taulo lililochoka, likunjwe, liwekwe juu ya doa, kisha mtu alikanyage kwa uzito wake wote mpaka lisipate tena unyevu. Kusugua kunausukuma mkojo pembeni na chini na kuyavuruga manyoya. Baada ya hapo maji ya baridi au ya uvuguvugu kidogo yamwagwe kwa kiasi, yanyonywe tena, kisha irudiwe. Siri yote iko katika kurudia. Tuseme kila ukimwaga na kunyonya robo ya uchafu inabaki. Baada ya awamu nne kinachobaki ni sehemu moja kati ya 256. Lita tatu nne zikitumiwa hivyo hufanya kazi ambayo mtungi mzima wa lita 20 hauwezi ukimwagwa kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa mkupuo huutawanya mkojo kwenye sehemu iliyokuwa safi. Kwa nyumba ambazo maji yake huletwa kwa punda kutoka kisimani au mtoni, hesabu hiyo ina maana kubwa. Sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo yaweza kuingia awamu ya pili. Sabuni ya unga ikiwa nyingi hubaki ndani ya manyoya, hunata, na baada ya mwezi doa la mkojo limekuwa doa la vumbi. Mwisho zulia liinuliwe na sakafu ya chini ioshwe nayo. Saruji ina vitundu na hunywa mkojo. Zulia safi likirudishwa juu ya saruji inayonuka litapata harufu upya.

Elimu ya jambo hili haikuanza maabara. Katika fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kufuta najisi kwa kitambaa hakutoshi. Maji hupitishwa mpaka kitu chenyewe kiondoke pamoja na ladha, rangi na harufu yake. Ikibaki rangi peke yake, au harufu peke yake, na kuitoa kukawa kugumu baada ya juhudi, mahali hapo huhesabiwa pametoharika. Hukumu hiyo, ambayo Waislamu wa Kendu Bay katika Kaunti hii hii ya Homa Bay wanaijua kama wanavyoijua wa Lamu, imetenganisha vitu viwili ambavyo matangazo ya dawa huvichanganya: kuondoa kilichomwagika ni wajibu unaowezekana, kurudisha sura ya kwanza huenda kusiwezekane. Mwenye zulia akikubali tofauti hiyo, atatumia nguvu zake panapofaa.

Doa la zamani linataka njia nyingine kwa kuwa kemia yake imegeuka. Hapa siki nyeupe ina nafasi, kwa sababu asidi yake huizima alkali na kuifunga amonia isiruke hewani. Sehemu moja ya siki kwa sehemu mbili tatu za maji inatosha, ikifuatwa na kusuuza. Kabla ya yote kona iliyofichika ijaribiwe: iloweshwe, ifunikwe kwa kitambaa cheupe, isubiriwe robo saa. Kitambaa kikipata rangi, kazi isimame hapo hapo, zulia hilo linachuja. Harufu ikibaki baada ya siki, dawa zenye vimeng'enya husaidia, kwa kuwa huvunja protini na mabaki ambayo bakteria hula. Lakini vimeng'enya ni vitu vya mwendo wa taratibu: lazima vifike kina ambacho mkojo ulifika, na vibaki vimelowa kwa saa kadhaa. Kupuliza juu juu na kufuta baada ya dakika tano ni kupoteza fedha. Vilevile havipatani na klorini, kwa hiyo zulia lililokwisha kupigwa Jik halitafaidika navyo mpaka lisuuzwe vizuri.

Harufu ya salfa ya paka huhitaji kitu cha kuioksidisha. Mwaka 1993 mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, alitangaza mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, magadi ya kuokea na sabuni kidogo ya maji, kwa ajili ya wanyama waliopuliziwa na skanki, kicheche wa kwao ambaye harufu yake pia ni ya salfa. Peroksaidi huigeuza salfa inayonuka kuwa kitu kisichonuka, badala ya kuifunika kwa manukato. Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi kwenye mkojo wa paka, na peroksaidi ya kiwango hicho hupatikana kwenye maduka ya dawa kama ya kuoshea vidonda. Hatari zake ni mbili. Inaweza kupausha rangi, kwa hiyo jaribio la kona halikwepeki. Na mchanganyiko huo usihifadhiwe kwenye chupa iliyofungwa, kwa kuwa hutoa hewa ya oksijeni na chupa itapasuka. Ukorogwe, utumike, uliobaki umwagwe.

Wapo watakaosema: kwa nini kuzunguka kote huko wakati Jik ipo kila duka na hung'arisha kila kitu? Jibu lategemea uzi uliochomwa kwa kiberiti. Polipropilini nyingi hutiwa rangi kabla uzi haujavutwa, na klorini kidogo haitaipausha kirahisi. Lakini kwenye sufu klorini ni sumu: huigeuza manjano, huikausha, na ikiwa kali huiyeyusha kabisa. Kwenye nailoni na pamba iliyotiwa rangi huacha doa jeupe ambalo ni baya kuliko lile la manjano. Zaidi ya hasara kuna hatari ya maisha. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo mkuukuu hutoa hewa za kloramini zinazochoma macho na mapafu. Ikikutana na siki hutoa hewa ya klorini yenyewe. Mama anayepiga magoti katika chumba chenye dirisha moja, akimimina Jik juu ya kona ambayo jana aliimwagia siki, amejiweka pabaya bila kuambiwa na mtu. Magadi ya kupikia mboga nayo yana wapenzi wake. Hayo ni alkali, na kuyaweka juu ya mkojo uliokwisha kuwa alkali ni kuongeza kile kile kinachokula sufu na rangi. Yasidhaniwe kuwa ndiyo magadi ya kuokea, ambayo ni mapole zaidi.

Pingamizi la pili ni jua. Watu wengi huamini kwamba zulia likianikwa kutwa kwenye ua, jua la ikweta litaua kila kitu. Jua huua vijidudu vingi, hilo ni kweli, na kimelea cha leptospira kinachosambazwa na mkojo wa panya na mbwa hakistahimili ukavu. Lakini jua halihamishi urea wala chumvi. Likikausha mkojo kabla haujasuuzwa, maji huondoka na vingine vyote hubaki ndani ya uzi vikiwa vimekolea zaidi. Chumvi hizo huvuta unyevu wa hewa, ndiyo maana zulia lililokuwa kimya Januari na Februari huanza kunuka tena mvua za masika zinapoingia Machi. Wenye nyumba humlaumu paka kwa kosa jipya, kumbe ni lile la zamani limeamka. Jua lina kazi yake, lakini zamu yake ni ya mwisho: baada ya kusuuza, zulia litundikwe mgongo ukiwa juu ili rangi isipauke, upepo upite pande zote, na lisirudishwe ndani mpaka upande wa leteksi ukauke kabisa.

Na wanaoosha mazulia kwa malipo je? Katika miji yetu kazi hiyo imeshikwa zaidi na vijana wa kuosha magari, wenye pampu ya maji ya nguvu na nafasi ya kutandaza. Pampu hiyo inafaa sana kwa mkojo, kwa kuwa husukuma maji mengi kupita hadi nyuma ya zulia, jambo ambalo nyumbani ni gumu. Tatizo liko kabla na baada. Kabla, hakuna anayeuliza ni uzi gani, doa lina umri gani, au ni la nini, na wateja wengi kwa aibu hawasemi. Baada, zulia hukunjwa likiwa na unyevu, hupakiwa nyuma ya bodaboda, na hufika nyumbani likiwa limeanza kuota ukungu. Fundi mzuri, awe wa Ndhiwa au wa Awendo, ni yule anayeligeuza zulia kwanza, anayelinusa, anayekunja pembe kusikia kama uti unakatika, kisha anasema kabla ya kupokea fedha: harufu hii itapungua, rangi hii hairudi, gundi hii imeachia. Anayeahidi kila kitu anauza manukato. Kwa doa lisilojulikana lilipo, taa ndogo ya kukagulia noti bandia, iliyopo kwa wenye maduka wengi, husaidia gizani: mkojo mkavu hung'aa kwa rangi ya manjano hafifu chini ya mwanga wake. Ila sabuni nyingi za unga nazo zina kemikali ya kung'arisha inayowaka buluu, kwa hiyo zulia lililooshwa kwa sabuni hiyo litawaka lote na taa haitasema kitu.

Lipo pingamizi zito kuliko hayo, nalo linastahili jibu la heshima. Eneo ambalo familia nyingi bado zinatafuta maji safi na karo za shule lina haja gani na makala ya mazulia? Haja ipo kwa sababu ya umaskini huo huo. Tajiri likimharibikia hununua lingine. Mwanachama aliyesubiri zamu yake hana la pili. Tena ujuzi wa usafi tuliourithi ulikuwa wa sakafu ya aina nyingine. Katika sakafu ya udongo iliyosiribwa kwa samadi, mkojo wa ndama au mbuzi ulinyonywa, na siku ya kusiriba upya tabaka lililochafuka likafunikwa au kukwanguliwa. Watu wa ukanda huu wameishi karibu na mifugo kwa karne nyingi. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga huko Migori, zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018 na zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, zilizunguka makazi ya watu na mazizi ya ng'ombe pamoja. Hata mkeka wa mafunjo uliochakaa ulitupwa, ukafumwa mwingine. Sakafu yao ilifanywa upya. Zulia halifanywi upya, na ndiyo maana sheria zake ni tofauti na lazima zifundishwe.

Kanuni hizo zianzie sokoni. Zulia la mtumba limeishi katika nyumba nyingine, na huenda lilikuwa na mbwa wake. Mnunuzi aligeuze na kutafuta miduara ya manjano nyuma, abonyeze leteksi kuona kama inapukutika, amwagie maji kidogo mahali penye alama na anuse baada ya dakika chache, kwa kuwa unyevu huiamsha harufu iliyolala. Muuzaji anayekataa zulia lake liloweshwe amekwisha kujibu swali.

Kumfukuza paka, kama wengine wanavyoshauri, ni kuhamisha hasara kutoka sebuleni hadi ghalani. Lililo bora ni kumpa mahali pake: beseni pana lenye mchanga au pumba za mbao, nje ya mlango au kwenye kona moja, likisafishwa kila siku, maana paka hukimbia beseni chafu na kurudi zuliani. Paka anayekojoa mara kwa mara kidogo kidogo, au dume anayejikamua bila mkojo kutoka, ni mgonjwa na apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu dume aliyezibwa anaweza kufa katika siku chache. Dume mzima anayerusha mkojo ukutani na kwenye viti dawa yake ni kuhasiwa. Wengi mno huacha tabia hiyo baada ya hapo, na mkojo wenyewe hupungua ukali.

Hapo ndipo serikali za kaunti za Homa Bay na Migori zinapohusika. Katiba ya 2010 iliziweka huduma za matibabu ya mifugo na udhibiti wa wanyama mikononi mwa kaunti, na tangu 2014 Kenya ina mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030. Wachanjaji huenda vijijini, wanyama hukusanywa, wenye wanyama husimama foleni. Siku hiyo hiyo ya chanjo, kwa ada ambayo mkulima wa Nyarongi au Pala anaweza kuilipa, paka dume na mbwa dume wahasiwe. Ombi hili lipelekwe kwa afisa wa mifugo wa wadi na kwa mwakilishi wa wadi kabla bajeti ijayo haijapitishwa.